Kumviringisha Mtoto Mchanga kwa Usalama na Kutambua Wakati wa Kuacha

Somo kwa wazazi, walezi na wanunuzi wa nguo za watoto mkoani Songwe

Utangulizi



Asubuhi ya mwezi Juni, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya mashamba ya kahawa ya Mbozi, mtoto aliyezaliwa juzi hutolewa nje akiwa amezungushiwa khanga, juu ya khanga shali, juu ya shali blanketi, na kichwani kofia ya sufu. Asubuhi hiyohiyo, bondeni Kamsamba, mtoto wa umri uleule amevikwa vilevile, ingawa jua limekwisha kuyapasha moto mabati ya nyumba. Wote wawili wamevikwa kwa upendo. Hata hivyo, mavazi yanayomfaa mmoja yanaweza kumdhuru mwingine, na namna ya kumfunga inayomtuliza mtoto wa wiki mbili inaweza kuwa hatari kwa mtoto huyohuyo atakapofikisha miezi mitatu.

Kumviringisha mtoto ni kumzungushia khanga au shuka nyepesi mwili mzima isipokuwa kichwa, ili atulie na kulala. Desturi hii ni ya kale na imeenea katika nchi nyingi. Somo hili halikusudii kuipiga marufuku, wala halimlazimishi mzazi kuifuata. Mtoto asiyeviringishwa hukua vizuri vilevile. Tunachokusudia ni kumsaidia mlaji ajue mambo manne: nguo ipi inunuliwe na ipi iachwe sokoni, mtoto aviringishwe vipi, dalili zipi zinaonyesha kwamba ana joto kupita kiasi au anaumwa, na siku ya kuacha ni ipi. Jambo hilo la nne ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote.

1. Faida na mipaka yake

Mtoto mchanga ametoka mahali pembamba, ambapo kila alipojinyoosha aligusa ukuta wa tumbo la mama. Akilazwa mahali pa wazi, mikono yake hurukaruka kwa kushtuka, naye hujiamsha kwa mshtuko wake mwenyewe. Nguo iliyomzunguka kwa upole hupunguza mshtuko huo. Ndiyo maana watoto wengi wakiviringishwa hulia kidogo na kulala kwa muda mrefu zaidi.

Lakini usingizi mzito una upande wake wa pili. Mtoto wa siku chache anahitaji kunyonya mara nyingi, mchana na usiku, nayo ishara yake ya kwanza ya njaa si kilio. Huanza kwa kupeleka mikono mdomoni, kugeuza kichwa na kutafuta titi. Mikono ikiwa imefungwa muda wote, mama hukosa kuiona ishara hiyo. Kwa hiyo, kila anaponyonya afunguliwe, alale kifuani pa mama, ashike na kupapasa. Mtoto asiwekwe katika nguo ya kumviringisha kutwa kucha.

Pia ieleweke kwamba saa za kwanza baada ya kuzaliwa, njia iliyo bora ya kumpa mtoto joto ni ngozi kwa ngozi, yaani kumlaza kifuani pa mama bila nguo katikati, kisha wote wawili wafunikwe. Mtoto njiti hutunzwa kwa njia hii kwa siku nyingi kwa maelekezo ya wahudumu wa afya. Blanketi, hata liwe la bei kubwa namna gani, halichukui nafasi ya kifua cha mama.

2. Hatari tano ambazo mlezi apaswa kuzijua

Kulala kifudifudi akiwa amefungwa. Mtoto aliyelala kifudifudi hutegemea mikono yake ili ainue uso na kuugeuza apate hewa. Aliyefungwa mikono hana msaada huo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, ukiunganisha matokeo ya tafiti nne, ulionyesha kwamba hatari ya kifo cha ghafla usingizini kwa watoto walioviringishwa ilikuwa kubwa zaidi kwa waliolala kifudifudi, ikifuatiwa na waliolala ubavu, na kwamba hatari hiyo iliongezeka kadiri umri ulivyosogea. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyeviringishwa alazwe chali kila mara, usiku na mchana, hata kwa usingizi wa dakika chache.

Joto kupita kiasi. Mtoto mchanga hana uwezo wa mtu mzima wa kupoza mwili wake, na sehemu kubwa ya joto lake hutokea kichwani. Akifungwa nguo nyingi na kufunikwa kichwa, joto hukosa njia ya kutoka. Joto la kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini.

Nguo kulegea na kuziba uso. Khanga iliyofungwa ovyo hufunguka mtoto anapojinyonganyonga, nayo huishia puani na mdomoni. Kwa hiyo nguo iliyolegea kifuani ni hatari kama ilivyo ile iliyobana mno.

Nyonga kuteguka. Fundo la mfupa wa paja la mtoto mchanga bado ni laini katika kikombe chake. Miguu ikinyooshwa na kubanwa pamoja kwa muda mrefu, fundo hilo laweza kusukumwa nje. Nchini Japani, ambako watoto walizoea kufungwa miguu ikiwa imenyooshwa, kampeni ya kitaifa ya kuiacha namna hiyo ilianza mwaka 1975, na idadi ya watoto wenye nyonga zilizoteguka ikapungua kwa kiasi kikubwa. Huku kwetu tuna hazina ambayo wengi hawaitambui. Nchini Malawi, ng'ambo ya mto Songwe kutoka Ileje, madaktari wa mifupa wameeleza kwamba kasoro hiyo ni nadra sana, nao wanaihusisha na desturi ya kumbeba mtoto mgongoni kwa kitambaa huku miguu ikiwa imepanuka. Mbeleko ya bibi, kumbe, huilinda nyonga. Tusiivuruge faida hiyo kwa kumnyoosha mtoto miguu kama ufito mara anaposhushwa mgongoni.

Ugonjwa kufichika. Mtoto aliyefunikwa gubigubi haonekani kifua kinavyopanda na kushuka, wala ngozi yake inavyogeuka rangi. Afunguliwe na kutazamwa mwili mzima kwenye mwanga wa mchana angalau mara moja kila siku.

3. Kuchagua nguo sokoni

Tunduma ni mji wa mpakani. Bidhaa hupita kati yake na Nakonde, upande wa Zambia, kila siku, na mnunuzi hukuta khanga, vitenge, mablanketi mapya na marobota ya mitumba katika mtaa mmoja. Wingi huo ni neema kwa mfuko wa mzazi, ila humtaka awe na jicho la kuchagua.

Chagua pamba nyembamba. Kipande kimoja cha doti ya khanga chatosha kabisa. Ni chepesi, hupitisha hewa, hufulika na kukauka upesi. Blanketi zito la nyuzi za plastiki, lenye manyoya ya kuvutia, ni zuri kwa macho lakini hufungia joto na jasho. Lisitumike kumviringisha mtoto. Jaribu hivi: weka kitambaa mbele ya mdomo wako na uvute pumzi. Pumzi ikipita kwa shida, nguo hiyo haifai kuwa karibu na uso wa mtoto.

Epuka viambatanisho. Nguo ya kumlaza mtoto isiwe na kamba, utepe, shanga, vifungo vinavyolegea wala pini. Khanga iliyofungwa vizuri hujishika yenyewe.

Usinunue nguo yenye uzito wala kitanda cha mteremko. Katika nchi za nje zimetengenezwa nguo za kulalia watoto zilizojazwa punje nzito kwa madai kwamba humtuliza mtoto. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, hakipendekezi nguo hizo. Aidha, mwezi Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price iliviondoa sokoni nchini Marekani vitanda vya mteremko vya Rock 'n Play vipatavyo milioni 4.7 baada ya vifo vya watoto, na mwaka 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuzuia vitanda vya aina hiyo. Bidhaa iliyokataliwa kwao yaweza kusafiri ndani ya robota la mitumba na kutua sokoni kwetu bila maelezo yoyote. Muuzaji huenda asijue. Mnunuzi na ajue.

Fua kabla ya kutumia. Khanga mpya huwa na wanga wa kiwandani unaoikakamaza. Ifue kwa sabuni isiyo kali na kuisuuza hadi ilainike. Nguo ya mtumba ifuliwe kwa maji ya moto, ianikwe juani na kupigwa pasi pande zote mbili, pamoja na mishono. Pasi ina kazi zaidi ya kunyoosha: wapo nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini au kivulini, na funza wao huingia katika ngozi ya mtoto. Joto la pasi huyaua mayai hayo.

Jihadhari na naftalini. Vile vidonge vyeupe vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo vina sumu. Mvuke wake hukaa kwenye shali na mablanketi, na kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao si haba katika maeneo yenye malaria, huweza kuvunjavunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano makali yanayoharibu ubongo. Shali ya ukumbusho iliyotunzwa kwa naftalini miaka mingi isivishwe mtoto mchanga. Na nguo zilizoandaliwa kwa ajili yake zihifadhiwe katika mfuko safi bila vidonge hivyo.

4. Hatua za kumviringisha

Kabla ya kuanza, hakikisha mtoto ameshiba, amecheuliwa, nepi ni kavu, na mikono yako ni safi.

Kwanza, tandaza khanga mahali tambarare, kona moja ikielekea juu. Kunja kona hiyo chini kiasi cha shubiri moja.

Pili, mlaze mtoto chali, mabega yake yakiwa usawa wa mkunjo. Kichwa na shingo vibaki nje ya khanga.

Tatu, uweke mkono mmoja wa mtoto kifuani pake kwa upole, ukiwa umekunjwa kidogo. Usiulazimishe kunyooka. Vuta upande mmoja wa khanga kupita kifuani na uuchomeke chini ya mgongo.

Nne, chukua kona ya chini na uikunje juu kwa ulegevu. Magoti yabaki yamekunjwa na mapaja yamepanuka, kama chura. Mtoto aweze kupiga mateke ndani ya khanga.

Tano, weka mkono wa pili kifuani, kisha uvute upande uliobaki kupita kifuani na kuuchomeka upande wa pili.

Sita, pima. Vidole viwili au vitatu vipite kati ya khanga na kifua. Visipopita, imebana, kiganja kizima kikipita, imelegea. Halafu shika magoti kwa nje na uyasogeze: yakikataa kupanuka, fungua na uanze upya.

Saba, mlaze chali juu ya godoro gumu lililo tambarare, au mkeka uliotandikwa vizuri, bila mto, bila blanketi lililolegea wala mdoli. Chandarua kining'inizwe juu na kuchomekwa chini ya godoro, kisimguse uso.

Mtoto anayependa mikono yake iwe huru, aachiwe. Waweza kumviringisha kuanzia kwapa kwenda chini, nayo ni njia nzuri vilevile.

Yako mahali ambapo kumviringisha hakufai kabisa. Usimviringishe mtoto anayelala kitanda kimoja na mtu mzima, kwa kuwa hawezi kumsukuma aliyemlalia wala kuondoa shuka iliyomfunika uso, tena joto la mwili wa mama linatosha. Familia nyingi zina chumba kimoja na kitanda kimoja; hapo mtoto awekewe kigodoro chake kando ya kitanda cha mama. Ikiwa hilo haliwezekani, afunguliwe khanga. Usimviringishe pia kabla ya kumweka mbelekoni. Miguu lazima ipanuke. Na safarini, iwe kwenye basi au bodaboda, usimfunike uso kwa khanga ili kuzuia upepo na vumbi. Mgeuzie mgongo upepo, na uhakikishe unaiona pua yake wakati wote.

5. Baridi ya mlimani, joto la bondeni

Mkoa wetu una hali ya hewa ya aina nyingi. Vwawa, Tunduma na milima ya Ileje hupata baridi kali usiku kati ya Juni na Agosti, ilhali bonde la Momba na upande wa Ziwa Rukwa huwa na joto karibu mwaka mzima. Kwa hiyo hakuna idadi moja ya nguo inayofaa kila nyumba. Kipo kipimo kimoja rahisi: mtoto avae nguo moja zaidi ya ile inayokutosha wewe katika chumba hichohicho, na khanga ya kumviringisha ihesabiwe kuwa ni nguo.

Mfano wa kwanza. Usiku wa Julai mjini Vwawa, mama amevaa gauni na sweta. Mtoto avae fulana, nguo ya mikono mirefu yenye suruali, kisha khanga. Ikiwa bado ana baridi, aongezewe nguo nyingine nyembamba ndani, badala ya kurundikiwa mablanketi juu.

Mfano wa pili. Mchana wa Oktoba bondeni, mama amevaa gauni jepesi na anatoka jasho. Mtoto mwenye nepi na khanga moja nyembamba amevaa vya kutosha. Akionekana kuchoka kwa joto, khanga nayo iondolewe.

Usipime joto kwa viganja wala nyayo, kwani kwa kawaida huwa baridi kidogo kwa mtoto mchanga. Pima kwa kugusa kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa na uvuguvugu na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho au moto, na uso umeiva, punguza nguo mara moja. Pakiwa baridi, mpe kifua chako, ngozi kwa ngozi. Kofia inafaa saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, anapotolewa nje kwenye baridi, na kwa mtoto njiti kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Mtoto aliyekomaa anapolala ndani ya chumba chenye joto la kutosha, kichwa kiachwe wazi.

Hapa tunatoa onyo zito. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani alikolala mzazi na mtoto, kisha wakafunga mlango na madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua waliolala bila kuwaamsha. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata likiwa limebaki makaa machache.

6. Siku ya kuacha

Kumviringisha mtoto ni jambo la kipindi kifupi. Siku ile anapoanza kujaribu kujigeuza, khanga iliyomtuliza hugeuka kuwa kifungo. Akifanikiwa kujipindua usiku huku mikono imefungwa, hataweza kuinua uso.

Usisubiri ajipindue kabisa. Acha unapoona dalili yoyote kati ya hizi: anajiviringa kuelekea ubavuni anapochezeshwa, anainua miguu na kuiangusha upande mmoja, akilazwa kifudifudi kwa mchezo, anasukuma kifua juu kwa mikono, au anapambana na khanga hadi inafunguka. Watoto wengi huonyesha dalili hizo wakiwa na miezi mitatu hadi minne, na wengine hutangulia, hata wakiwa na miezi miwili.

Kwa kuwa tarehe husahaulika, tunapendekeza mzazi atumie kadi ya kliniki kama kalenda. Katika ratiba ya chanjo nchini, mtoto hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Akirudi kutoka kliniki ya wiki 6, anza kumchunguza kila siku na umzoeshe kulala mikono ikiwa nje. Ya wiki 10, mikono yote iwe nje. Ya wiki 14 iwe mwisho: khanga ya kumviringisha ikunjwe na kuwekwa, hata kama hajaonyesha dalili yoyote. Lakini dalili ikitangulia kadi, fuata dalili.

Asiyeonyesha dalili aweza kuachishwa polepole: usiku mitatu au minne mkono mmoja nje, kisha mikono yote miwili, kisha bila khanga. Aliyekwisha kujipindua hana nafasi ya polepole. Aachishwe siku hiyohiyo. Huenda akalia usiku mbili tatu. Mshike, mwimbie, mnyonyeshe, weka kiganja chako kifuani pake hadi atulie. Kilio cha siku chache ni gharama ndogo.

7. Kuzungumza na wazee

Aghalabu mzazi kijana huyajua haya kliniki, lakini nyumbani mwenye sauti ni bibi. Tuchukue mfano wa binti aliyejifungua Mbozi, ambaye mama mkwe wake amekuja kumuuguza. Mtoto ana miezi mitatu na ameanza kujiviringa. Usiku bibi anamfunga khanga mbili na blanketi.

"Shikamoo mama," binti anaanza asubuhi. "Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu amelalaje?" "Amelala vizuri, mama. Ila naomba uje umtazame mwenyewe." Anamlaza mtoto mkekani bila khanga. Mtoto anainua miguu, anaiangusha kushoto, mwili wote unafuata. Bibi anacheka. "Kumbe! Ameanza." "Ndiyo, mama. Sasa nawaza, akifanya hivi usiku na mikono imefungwa, atainukaje?" Bibi ananyamaza kidogo, anamgusa mtoto mgongoni. "Basi khanga tuiache. Ila baridi je?" "Tumwongezee fulana ndani, mama. Na wewe ndiye umwangalie shingoni kama ana joto."

Binti hakumwambia mkwewe kwamba amekosea. Alimwonyesha, akamuuliza, kisha akampa kazi. Bibi aliyepewa kazi ya kugusa shingo ya mjukuu huwa mlinzi bora kuliko bibi aliyenyang'anywa blanketi.

8. Dalili za hatari

Mfungue mtoto nguo na umpeleke katika kituo cha afya bila kuchelewa, iwe mchana au usiku, endapo: anakataa kunyonya au ananyonya kwa udhaifu; anapata degedege; anapumua kwa haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi; ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au ni baridi na hapati joto hata akiwekwa kifuani. Amelegea au haamki kama kawaida, au hasogei mpaka aguswe. Au viganja na nyayo zimekuwa za manjano. Muone pia mhudumu wa afya ikiwa paja moja halipanuki sawa na lingine, au mguu mmoja unaonekana mfupi.

9. Haki na wajibu wako kama mlaji

Mlaji ana haki ya kupata bidhaa salama na maelezo ya kweli kuihusu. Unaponunua nguo au kitanda cha mtoto, dai risiti, soma lebo ya aina ya kitambaa na namna ya kufua, na uliza ilikotoka. Nguo za ndani za mtumba hazikubaliki kuuzwa nchini kwa sababu za kiafya, wala mtoto asinunuliwe. Tangazo la dukani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi halimwondolei haki mlaji aliyeuziwa bidhaa mbovu. Malalamiko kuhusu ubora na usalama wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na yale ya udanganyifu wa kibiashara hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Itunze bidhaa yenyewe pamoja na risiti; ndizo ushahidi wako.

Nawe una wajibu. Ukigundua kwamba kitu ulichonunua ni hatari kwa mtoto, usimpe jirani wala usikirudishe sokoni. Kiharibu, ili kisimfikie mtoto mwingine.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto wako wa wiki 5 ana viganja baridi lakini shingo yake ina jasho. Utamwongezea nguo au utampunguzia?
Jibu: Utampunguzia. Shingo na kifua ndivyo vipimo.

2. Mtoto wa wiki 11 amejipindua mara moja tu, mchana. Je, aviringishwe usiku wa leo?
Jibu: Hapana. Mara moja inatosha.

3. Umechelewa kurudi kutoka sokoni, umechoka, na mtoto amelala kwenye khanga. Je, umlaze hivyohivyo kitandani kwako?
Jibu: Hapana. Mlaze chali kwenye kigodoro chake. Kama hana, mfungue khanga kwanza.

4. Khanga imekaza vizuri kifuani, lakini magoti hayawezi kupanuka. Kosa liko wapi?
Jibu: Sehemu ya chini imebana. Ifunguliwe na kulegezwa ili kulinda nyonga.

Keti na wote wanaomlea mtoto wako, uwasomee sehemu ya 6 ya somo hili, kisha andikeni pamoja nyuma ya kadi ya kliniki tarehe atakayotimiza wiki 14. Khanga yenyewe haitapotea kazi. Itarudi kuwa mbeleko, na mtoto ataendelea kubebwa kwayo, miguu imepanuka na uso ukiwa wazi.